Nilitengeneza programu ya kupima stempu ili nimtetee mama yangu (Unguja, enzi za flopi)

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa visiwani.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu, naondoka. Ila juzi kuna member aliuliza kama ipo app ya kupiga picha stempu ya posta ikaipima yenyewe. Wenzake wakamcheka, wakamwambia stempu ni mambo ya makumbusho.

Nikasema hapana, hapa lazima niseme.

Yote nitakayoandika yamenipata mwenyewe. Niliposhindwa nitasema nilishindwa, na nilichokisahau nitakiruka, sitakitungia. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama una chai jikoni, kaitoe kwanza.

Mama yangu anaitwa Bi Thuwaiba. Wakati huo tulikuwa tukikaa Kiponda, ghorofa ya pili, mimi na yeye tu. Baba alishafariki, kaka zangu walishaoa wakahama. Mama alikuwa mwalimu wa ushoni katika skuli moja ya wasichana mpaka alipostaafu.

Sasa wakuu, mwalimu wa ushoni ni mtu wa hatari. Harusini watu wote wanamtizama bibi harusi, yeye anatizama pindo la gauni. Akirudi nyumbani hakwambii kama wali ulikuwa mtamu. Anakwambia upande wa kushoto pindo lilishuka.

Jicho hilohilo ndilo alilolipeleka kwenye stempu.

Kwa wasiojua: stempu ina picha katikati na kingo nyeupe pande nne. Huko zinakochapwa, mara nyingi picha inapotoka kidogo, ukingo mmoja unakuwa mpana na wa pili mwembamba. Picha ikikaa katikati sawasawa, na yale meno ya pembeni yakawa mazima yote, hiyo ni daraja la kwanza. Ikipotoka kidogo, la pili. Ikipotoka sana, la tatu. Meno yakiingia ndani ya picha, la nne, hiyo hata mtoto anaiona.

Tofauti ya la kwanza na la pili ni nywele. Sisemi kwa kupamba, ni nywele kweli.

Katikati ya miaka ya themanini mama alijiunga na kikundi cha wapenda stempu kama yeye. Wao wenyewe walikiita Duara. Walikuwa watu wasiozidi ishirini: Mombasa, Dar, Tanga, Muscat, mmoja Bombay. Hakuna kuuziana. Kijitabu cha stempu kinazunguka kwa posta kutoka mtu hadi mtu. Ukitaka stempu ya mwenzako unaichukua, halafu unaweka ya kwako ya daraja lilelile.

Na daraja unaandika mwenyewe, kwa penseli, chini ya stempu yako.

Umeona hapo? Kitu chote kinasimama juu ya neno lako. Wengi wao hawajawahi kuonana hata siku moja. Mama alikuwa hamjui Bwana wa Tanga kwa sura, lakini alikuwa anamjua kwa penseli yake. Alikuwa akisema, "Huyu ana haya, kila siku anajishusha daraja moja."

Sisi watoto tulikuwa tunaona ni vikaratasi tu. Nakiri.

Basi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili ikaja barua kutoka kwa katibu wa Duara, mzee mmoja wa Mombasa, mstaarabu sana. Alianza kwa kuuliza hali, akauliza mvua, akamrehemu baba. Ndipo akafika kwenye jambo.

Wanachama wawili wamelalamika. Yule wa Muscat alichukua stempu tano za mama zilizoandikwa daraja la kwanza, naye kwa macho yake ni la pili, nyingine la tatu. Kwa heshima ya miaka yote, Bi Thuwaiba anaombwa apumzike kuziwekea daraja stempu zake. Azitume Mombasa, zitapimwa huko.

Mama aliisoma mara mbili. Akaikunja vilevile ilivyokuja, akairudisha ndani ya bahasha.

"Wameniita mwizi kwa adabu," akasema.

Nikamwambia, "Mama, hawakusema hivyo."

"Wamesema. Nshaelewa."

Baada ya hapo hakufungua albamu kwa wiki mbili. Asubuhi zote alikuwa akikaa na stempu zake baada ya kumaliza kupika mchuzi. Sasa akawa anamaliza mchuzi anakaa tu. Nikirudi mchana namkuta hivyohivyo, mikono mapajani. Mimi nilikuwa sijawahi kumuona mama na mikono mitupu.

Hapo ndipo hasira ikanipanda.

Mimi nilikuwa nafundisha kompyuta kwenye kituo kimoja kidogo Vuga. Kuwasha, kuzima, kuandika barua, mambo hayo. Lakini nilikuwa najua kuandika programu kidogo, nilijifunza kwa vitabu vya kuazima. Nikajiambia, kama ugomvi ni wa jicho la mtu na jicho la mtu, basi tutafute jicho ambalo si la mtu.

Wazo lilikuwa hili: weka stempu kwenye skana, ipate picha, programu itafute mpaka wa karatasi na mpaka wa picha, ihesabu vidoti vya kila ukingo, itoe daraja. Haina undugu na mtu, haina hasira na mtu.

Skana nzuri ilikuwa kwa Makame. Huyu ni mtu wa Nungwi, alikuwa na ofisi ya kuchapa barua na kutoa kopi pale Malindi ya Unguja. Nilipomueleza aliniangalia kama nimemwambia nataka kupima uzito wa nzi.

"Stempu?"

"Stempu."

"Za Bi Thuwaiba yule alomfundisha mke wangu kushona?"

"Huyohuyo."

"Basi njoo saa za mchana, watu wakenda kula. Lakini ukinivunjia kioo, n'takushitaki kwake."

Kwa hiyo kila mchana duka likifungwa mimi ndiyo naingia. Picha ya stempu nne inajaza flopi nzima, na flopi zenyewe mnazijua: ukifika nyumbani mbili zimekufa. Kompyuta ya kituoni ilikuwa inachukua dakika kadhaa kuipima stempu moja, na umeme ukikatika unaanza upya. Vijana wa siku hizi mnaolalamika app inachelewa sekunde tatu, nawaonea huruma.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Mfuniko wa skana ulikuwa mweupe, ukingo wa stempu mweupe. Programu haikujua karatasi inaishia wapi. Stempu moja iliipa ukingo wa sentimita tisa. Stempu yenyewe haifiki tatu.

Nikajaribu karatasi nyeusi, ikang'aa. Nikajaribu kadibodi, ikatoa kivuli. Nikarudi nyumbani nimechoka, nikamueleza mama bila matumaini, maana alikuwa hajaonesha hata kidogo kwamba analijali jambo lenyewe.

Akainuka, akaingia chumbani, akarudi na buibui lake la zamani na mkasi. Akakata kipande cha upana wa kitabu, akakipindia kingo nne kwa sindano palepale, kisije kikafumuka.

"Hiki haking'ai," akasema. "Kimefuliwa miaka kumi."

Wakuu, kilikaa sawasawa. Mpaka wa stempu ukatokea kama umechorwa kwa wino.

Na tangu siku hiyo mama akawa anakuja na mimi kwa Makame. Makame anamuwekea kiti, "Shikamoo Bi Thuwaiba," "Marahaba mwanangu," halafu mama anashika kibanio chake na kuzipanga stempu mwenyewe. Mimi sikuruhusiwa kuzigusa, nina jasho la vidole.

Siku moja akaniuliza kwa nini namwambia azilaze zote upande mmoja. Nikamwambia haina tofauti. Akaichukua moja akaizungusha, akailaza ubavu.

"Ipime tena hii."

Nikaipima kituoni. Majibu yakaja tofauti. Stempu ileile, ikisimama imerefuka, ikilala imenenepa.

Nilikaa na hilo siku tatu. Kumbe tatizo lilikuwa skana yenyewe: taa yake ilikuwa inatembea polepole kuliko inavyotakiwa, kila kitu kinanyooshwa kidogo kwa urefu. Kwa barua hutaona. Kwa stempu, ile nywele niliyoitaja inageuka kuwa kamba. Ikabidi niwe naweka rula mbili za chuma pembeni, moja imesimama na moja imelala, ili programu ijirekebishe kwanza ndiyo ipime.

Nilipomwambia mama kwamba yuko sahihi na mashine ina kosa, hakushangaa.

"Nliiona imenenepa," akasema tu.

Kazi ilichukua miezi mitatu. Ikafika siku ya mtihani wenyewe.

Tulichagua stempu sitini kutoka kwenye albamu zake. Mama akazipa daraja kwa jicho na lenzi yake, akaandika kwenye karatasi, akaikunja akanipa. Mimi nikazipitisha kwenye programu, nikachapa majibu. Mpango wangu ulikuwa kuweka karatasi mbili hizo kwenye bahasha moja na kuzituma Mombasa, nao wasome wenyewe waone haya. Maneno ya barua nilishayatunga kichwani, na hayakuwa ya adabu.

Nikakaa kituoni peke yangu nikalinganisha.

Stempu arobaini na nane zilikubaliana moja kwa moja. Kumi na mbili hazikukubaliana.

Nikapima tena zile kumi na mbili. Nikarudi nazo kwa Makame, nikazigeuza kwa kibanio, nikazipima tena. Majibu yaleyale. Na kilichonikata maini ni kwamba hazikuwa zimekosewa ovyo ovyo. Zote kumi na mbili mama alizipa daraja la juu kuliko linalostahili. Na zote zilikuwa na ukingo mwembamba upande mmoja: kulia.

Yule Bwana wa Muscat hakuwa amemzulia.

Sasa nisikilizeni, maana nimeahidi ukweli. Nilitaka kuzitoa zile kumi na mbili. Ningetuma arobaini na nane tu, nani angejua? Nilishachapa hata karatasi mpya, safi, haina kosa hata moja. Nilikuwa nayo mkobani nilipokuwa napanda ngazi za nyumbani.

Nilipoingia mama akanyoosha mkono. "Nipe."

Na karatasi niliyompa sijui ni kwa nini ilikuwa ile ya kweli. Labda kwa sababu miezi mitatu nilikuwa namuona anavyozishika zile stempu. Sijui.

Akaisoma kwa muda mrefu, ameishika mbali na uso.

"Nisomee hizi zenye alama."

Nikamsomea, moja moja.

"Kwa hiyo bwana yule kasema kweli."

"Mama, lakini hukukusudia."

"Kukusudia ni langu na Mungu wangu, mwanangu. Kukosea ni langu na watu."

Nikamuuliza lenzi huwa anaishika kwa jicho gani. La kulia, akasema, miaka yote. Nikamwambia afumbe la kushoto atizame dirishani. Alifumba. Akatizama. Akafumba la kulia, akatizama tena. Halafu akakaa chini.

"Kama mtu kanitandikia shashi," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo: "Nlidhani ni lenzi imechafuka. Kila siku nnaifuta kwa kanga."

Nililia wakuu, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Asubuhi yake nilimpeleka hospitali. Daktari alimulika mara moja tu: mtoto wa jicho, jicho la kulia, na limeshakomaa. Nilimuuliza kama ndiyo sababu ya kuona ukingo wa kulia mpana kuliko ulivyo. Alisema inawezekana, mwangaza unatawanyika, lakini hakuniahidi, na mimi siwaahidi. Ninachojua ni kwamba kama si zile stempu kumi na mbili, mama angeendelea kufuta lenzi.

Kabla ya upasuaji, kabla ya kitu chochote, akaniambia nikae niandike barua. Nilimuomba asubiri apone. Akakataa.

"N'kisubiri n'kapona, itakuwa najitetea. Andika sasa hivi n'kiwa mkosa."

Barua ilikuwa fupi. Alisema malalamiko ni ya haki. Akataja stempu zake zote zilizokuwa zikizunguka ambazo aliziandikia daraja baada ya jicho kuanza kufifia, kwa kadiri alivyoweza kukumbuka, akasema yeyote aliyechukua mojawapo airudishe na achague nyingine yoyote katika albamu zake. Akamtaja Bwana wa Muscat kwa jina lake na kumshukuru. Akaambatanisha karatasi ya majibu, yote sitini, na zile kumi na mbili zikiwa na alama.

Mimi niliamini ndiyo mwisho wake ndani ya Duara. Nilikwenda posta na ile bahasha nikijiambia nimetengeneza mashine ya kumfukuzisha mama yangu mwenyewe.

Upasuaji ulikwenda vizuri, alhamdulillah. Bandeji ilipotolewa, kitu cha kwanza alichokitizama ni mimi, na neno la kwanza alilosema ni kwamba kola yangu imeshonwa vibaya.

Jibu la Mombasa lilikuja wiki kadhaa baadaye, bahasha nene. Ndani mlikuwa na barua sita.

Ya Bwana wa Muscat ilikuwa ya kwanza. Aliandika kwamba stempu zile tano hatarudisha hata moja. Atazibakisha na daraja la mama la penseli lilivyo, na wajukuu zake atawaonesha na kuwaeleza habari yake. Bwana wa Tanga, yule mwenye haya, aliandika mistari miwili tu: kwamba yeye pia amekwenda kupimwa macho.

Katibu aliandika mwisho. Alisema hajawahi kuona ukingo wa stempu umepimwa kwa udogo ule. Akauliza mashine hiyo ni ya nchi gani.

Mama alipofika hapo alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwambie ni ya Kiponda. Na buibui langu."

Lakini subirini, haijaisha. Alipopata nguvu alidai arudie mtihani, stempu zilezile sitini, jicho jipya. Safari hii tulitofautiana moja tu. Programu iliipa daraja la kwanza. Mama aliipa la nne.

Nikafurahi kidogo, nakiri. Nikasema hapa nimempata.

Akaishika kwa kibanio, akanisogezea dirishani. "Tizama jino la tatu kutoka juu. La kubandikwa hilo. Karatasi nyingine, nyuzi zake zinakwenda kwengine. Iliyoungwa inashuka mpaka la nne."

Nilitizama kwa lenzi dakika nzima ndipo nikaona. Jino lilikuwa limekatika zamani, mtu akaliunga kwa gundi kwa ufundi mkubwa. Mashine iliona jino, ikahesabu jino. Kuwa ni la uongo, hiyo haikuwa kazi yake.

Hiyo nayo tukawaandikia.

Ndipo ikaja barua ya katibu ambayo mpaka leo iko kwenye fremu, sebuleni kwangu. Duara limekubaliana: kuanzia sasa stempu yoyote yenye ubishi, ya mwanachama yeyote, itumwe Unguja kupimwa, na jibu litakalotoka huko ndilo la mwisho. Wanamuomba Bi Thuwaiba akubali kuwa mpimaji wa Duara.

Mama aliniita nikakaa. Akanipa kalamu.

"Mwandikie nimekubali. Na mwandikie wapimaji tuko wawili. Weka jina lako kwanza, kisha langu."

Nikamwambia haiwezekani jina langu likatangulia lake.

"Nnakwambia andika."

Nikaandika. Ndivyo yalivyokaa kwenye kila karatasi tuliyotuma kwa miaka iliyofuata, hadi Tanga, hadi Muscat, hadi Bombay. Nimewahi kupata vyeti baada ya hapo, na kazi nzuri zaidi, lakini hakuna mahali jina langu limekaa pazuri kama pale.

Basi wakuu, nilichojifunza mimi: ukitengeneza chombo cha kutafuta ukweli, usikitengeneze ukiwa umeshachagua jibu. Na kikikupa jibu usilolitaka, kaa nalo kwanza kabla hujatoa karatasi nyingine. Na wazazi wakisema lenzi imechafuka, wapelekeni wakapimwe macho.

Yule member aliyeuliza kuhusu app: itengeneze ndugu yangu, usiwasikilize. Anza na kitambaa cheusi kisichong'aa.

Nawasikiliza. Kuna mwenzangu humu ambaye kazi yake mwenyewe iliwahi kumkosoa mtu aliyempenda? Ulifanyaje? Na wapenda stempu kama bado mpo, jitokezeni, msione haya.